Vilima vya Tope la Bahari: Udongo wa Barolo na Zabibu ya Nebbiolo

Chimba kwa sururu kwenye mteremko wa La Morra, katika vilima vya Langhe kaskazini-magharibi mwa Italia. Ukivuka mita moja hivi utagonga kitu cha kijivu chenye ubuluu, kigumu hadi sururu inadunda. Chukua bonge lake uliweke nje lipigwe na jua, mvua na barafu ya majira ya baridi. Halichukui muda kupasuka vipande vidogo kama magamba, na majira machache baadaye ukilifinya mkononi ni udongo mtupu. Wenyeji huliita tufo, jina linalowapoteza wageni, kwa kuwa kwingineko Italia tufo ni jiwe la majivu ya volkano na huku Langhe volkano hakuna. Wataalamu huliita marna: tope laini la bahari lililogandamana pamoja na chokaa.

Juu ya tope hilo ndiko hutoka Barolo, mvinyo mwekundu wa zabibu ya aina moja tu, nebbiolo, unaolimwa katika manispaa 11 kwenye eneo la zaidi ya hekta 2,000. Maelezo yanayorudiwa kila mahali kuhusu udongo wake ni mafupi: upande wa magharibi udongo wa enzi ya Tortonia hutoa mvinyo laini wenye harufu nzuri, upande wa mashariki udongo wa enzi ya Serravalia, ambao ramani za zamani ziliuita wa Helvetia, hutoa mvinyo mkali wa kukaa miaka mingi. Si uongo. Tatizo ni kwamba maelezo haya yanahesabu umri wa mwamba pale ambapo yangepima maji. Mzabibu haujui mwamba una miaka mingapi. Unachojua ni kama mizizi ilipata maji mwezi Julai, ilipata kiasi gani, na yalikatika lini.

Bahari ilivyoacha mashapo yake

Sehemu hii yote ilikuwa ghuba ya bahari, ile ambayo wanajiolojia huiita Bonde la Tertiari la Piemonte. Milima ya Alps ilipokuwa ikiinuka, mito ilibeba mchanga na tope hadi ghubani, na vikatua chini tabaka juu ya tabaka. Enzi ya Serravalia ilianza miaka milioni 13.8 hivi iliyopita, ikafuatiwa na Tortonia kuanzia milioni 11.6, kisha Mesinia kuanzia milioni 7.2 hadi 5.3.

Ardhi ilipoinuka haikuinuka sawasawa. Tabaka zote zililala kuelekea kaskazini-magharibi, mfano wa rundo la magunia lililoegemea upande mmoja. Kwa hiyo ukitembea kutoka Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba kusini-mashariki kwenda Verduno na La Morra kaskazini-magharibi, unapanda kutoka kwenye mashapo ya zamani kwenda kwenye mapya zaidi, ingawa miguu yako inashuka na kupanda mabonde njiani.

Tabaka zinazohusika kwa mkulima ni tatu, na ya nne ni kama kionjo. Mashariki, hasa Serralunga na sehemu ya Monforte, kuna Muundo wa Lequio: marna ya kijivu inayopishana na mchanga na jiwe la mchanga, bamba juu ya bamba, kila moja likiwa na unene wa sentimita chache hadi makumi kadhaa. Katikati, kwenye mgongo wa Castiglione Falletto na sehemu za Monforte, kuna Mawe ya Mchanga ya Diano d'Alba, ambayo mchanga wake ni mwingi zaidi na umeshikana. Magharibi, yaani La Morra na sehemu kubwa ya manispaa ya Barolo, zimetawala Marna za Sant'Agata Fossili, zile za kijivu chenye ubuluu tulizoanza nazo. Humo tope laini lisilofikia ufinyanzi ndilo jingi, mfinyanzi unafuata, na mchanga ni kidogo.

Hiyo ya nne ni jasi. Karibu miaka milioni 6 iliyopita njia ya maji kati ya Atlantiki na Mediterania ilizibika, bahari ikakauka kwa kiasi kikubwa, ikaacha chumvi na jasi. Ukifika pembeni mwa Verduno na magharibi mwa La Morra utaona fuwele zake ziking'aa kwenye kingo za barabara kama vioo vilivyovunjika. Kwa mkulima wa Barolo umuhimu wake ni mdogo. Kwa mpiga picha ni mkubwa.

Mto uliogeuka

Miinuko ya Langhe isingekuwa mikali hivi bila kisa cha mto Tanaro. Zamani Tanaro ulipita karibu na mji wa Bra ukaelekea kaskazini kuungana na mto Po. Katika zama za Pleistosini, yaani zama za barafu, mto mwingine uliokuwa ukila ardhi kurudi nyuma kutoka upande wa mji wa Alba ulifikia njia yake na kuuteka. Tanaro ukageuka mashariki, kwenye bonde lililokuwa chini zaidi. Vijito vyote vilivyoutegemea vilijikuta ghafla vikimwaga maji kwenye shimo refu kuliko mwanzo, vikaanza kuchimba kwa kasi. Vijito vya Talloria ndivyo vilivyokata mabonde ya Barolo, na kwa kuwa mwamba wenyewe ni tope lililokauka, kazi haikuwa ngumu.

Sasa unganisha mambo mawili: tabaka zinazoinama kaskazini-magharibi na vijito vinavyokata haraka. Matokeo yake ni vilima vya pande mbili zisizofanana. Upande unaotazama kaskazini-magharibi hufuata mlalo wa tabaka, kwa hiyo ni wa taratibu. Upande unaotazama kusini-mashariki hukata tabaka kwa ncha zake, kwa hiyo ni mkali, wenye udongo mwembamba, na wakati mwingine ni genge tupu, yaani ukuta wa ardhi uliosimama. Neno rocche unaloliona kwenye majina kama Rocche di Castiglione maana yake ni magenge hayo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, upande ambao shamba linatazama unaweza kuonekana jambo dogo. Dodoma jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima na mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Barolo iko karibu nyuzi 44.6 kaskazini na huvunwa mara moja, na kwa nebbiolo mavuno hayo mara nyingi huangukia Oktoba. Wakati huo jua la saa sita mchana liko nyuzi 39 hivi tu juu ya upeo. Piga hesabu: mteremko wa nyuzi 20 unaotazama kusini hupokea kwa kila mita ya mraba mwanga wa moja kwa moja unaozidi wa tambarare kwa zaidi ya theluthi moja. Mteremko kama huo huo ukitazama kaskazini hupata karibu nusu tu ya tambarare. Nebbiolo ni zabibu inayochipua mapema na kuiva mwisho, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itaiva au itabaki na ukakasi.

Ndiyo maana kanuni za Barolo haziachi nafasi. Shamba lazima liwe kwenye kilima, kati ya mita 170 na 540 juu ya usawa wa bahari, kwenye udongo wa mfinyanzi, wa chokaa, au mchanganyiko wake. Mabondeni ni marufuku, tambarare ni marufuku, na upande wa kaskazini ni marufuku. Wazee hawakuhitaji kanuni. Walitazama theluji ilipoyeyuka kwanza, wakapanda nebbiolo hapo. Katika lahaja yao mteremko wa namna hiyo, ule unaopata jua, ni sorì, na kilele cha kilima ni bricco. Palipobaki baridi walipanda dolcetto inayoiva mapema, na upande wa kaskazini wakaweka miti ya hazeli.

Maji ndiyo yanayosema

Chukua shamba mbili zenye umri mmoja wa mizabibu na zinazotazama upande mmoja, moja kwenye marna ya Sant'Agata na nyingine kwenye mchanga wa kileleni. Kwa makadirio ya mashambani, udongo wa tope laini na mfinyanzi huhifadhi milimita 150 hadi 200 za maji yanayofaa mmea katika kila mita moja ya kina. Mchanga mtupu mara nyingi haufiki 100. Shamba la mizabibu lenye majani kamili hutumia milimita 3 hadi 4 kwa siku mwezi Julai. Kwa hiyo mvua ikikatika mwishoni mwa Juni, marna ina akiba ya siku arobaini na zaidi kwa kila mita ambayo mizizi imeifikia, ilhali mchanga unaanza kulalamika baada ya wiki tatu.

Kinachofuata kinategemea ukame umekuja lini. Ukibana kiasi kabla zabibu hazijaanza kubadilika rangi, machipukizi huacha kurefuka na punje hubaki ndogo. Punje ndogo ni jambo kubwa, maana rangi, harufu na sehemu ya tanini, kitu kinacholeta ukakasi, viko kwenye ganda. Kipenyo cha punje kikipungua kutoka milimita 14 hadi 12, uwiano wa ganda kwa juisi hupanda kwa asilimia 17 hivi. Hapo ndipo pa kutafuta ukali wa Serralunga. Kwenye Muundo wa Lequio mabamba ya mchanga hupitisha maji haraka, udongo wa juu ni mwembamba kwa sababu ya mteremko, na mzizi hupata maji kwa vipimo: kidogo juu ya kila bamba la marna, kisha kusubiri. Mzabibu unahisi njaa ya maji mapema lakini haukauki.

Kwenye Sant'Agata mmea una raha zaidi. Majani ni mengi, punje ni kubwa kidogo, tanini inakuja laini, harufu ya waridi inafunguka mapema. Hatari yake ni mwaka wa mvua: machipukizi hayaachi kurefuka hata Agosti, vichala vinafunikwa na kivuli, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, unapata makazi, na sukari inasuasua. Hapo kazi inahamia kwa mikono: kuondoa majani upande wa asubuhi wa mstari, kupunguza vichala, kupitisha mkasi mara mbili au tatu.

Ukame ukizidi mambo yanageuka. Mwaka wa joto kali kama 2003 au wa ukame kama 2022 ndio unaofichua udhaifu wa mchanga. Majani ya chini hunyauka na kuanguka, mmea hufunga vinyweleo vyake, na uivaji husimama. Kipimo cha sukari kinaendelea kupanda kwa kuwa punje zinakauka, mkulima anadhani zimeiva, lakini ukitafuna mbegu bado ni kijani na chungu. Katika mwaka wa namna hiyo tope la La Morra linalodharauliwa kwa kutoa mvinyo mwepesi hugeuka kuwa bahati.

Kuna watu wanaodai kuonja chokaa, au chumvi ya bahari ya kale, ndani ya glasi. Sikubaliani nao. Madini ya mwamba kwa sehemu kubwa hayayeyuki na hayana ladha, na ayoni chache ambazo mzizi hunyonya ni chakula cha mmea wala si kiungo. Chokaa ina kazi nyingine ya maana zaidi: kalisi hushikanisha chembe za mfinyanzi kuwa vipande vyenye nafasi kati yake, hewa na maji vikapita. Mfinyanzi uleule bila chokaa ungekuwa kama kinamo cha wafinyanzi, na mizizi ingeoza majira ya mvua.

Chokaa inapogeuka adui

Udongo wa Langhe kwa kawaida una pH ya 8 hivi, yaani una ualkali. Katika hali hiyo madini ya chuma yapo tele ila hayanyonyeki. Dalili huonekana kwenye majani machanga kwanza: yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hali hiyo huwa mbaya zaidi majira ya kuchipua yakiwa baridi na yenye mvua, kwa sababu maji yaliyotuama huongeza bikaboneti kuzunguka mizizi. Wapo wanaokimbilia kunyunyiza dawa ya chuma kwenye majani. Inarudisha rangi kwa wiki chache. Kosa lenyewe linakuwa limefanyika siku ya kupanda.

Tangu filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, nebbiolo hubebeshwa juu ya shina la asili ya Marekani. Kila shina lina kikomo chake cha chokaa hai, yaani ile inayomenyuka haraka ardhini. Shina la 3309 linavumilia asilimia 11 hivi, SO4 karibu 17, Kober 5BB na 420A karibu 20, na 41B hadi 40. Lakini uvumilivu wa chokaa si sifa pekee. Kober lina nguvu sana, na ukiliweka kwenye marna yenye maji utapata msitu. Hapo 420A lenye nguvu kidogo hufaa zaidi. Kwenye mchanga mkavu wa kileleni mkulima hutafuta shina linalostahimili ukame, kama 1103 Paulsen au 140 Ruggeri.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ukidondosha asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 juu ya udongo, ukatoa povu, umejua kuwa chokaa ipo. Hujajua ni ya aina gani. Chokaa ya punje kubwa ndani ya jiwe la mchanga hutoa povu zuri lakini humenyuka polepole ardhini, kwa hiyo humsumbua mzabibu kidogo. Chokaa ya unga laini ndani ya marna ndiyo hai. Shamba mbili zinaweza kutoa povu lilelile na zikahitaji mashina tofauti kabisa. Kipimo sahihi ni cha maabara, kwa amonia oksalati, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kung'oa shamba zima baada ya miaka minne.

Kulisoma shamba kabla ya kupanda

Udongo wa juu peke yake hudanganya, maana karne za kulima na mmomonyoko zimeuchanganya. Chimba shimo la kina cha mita 1.5, moja juu ya mteremko, moja katikati, moja chini. Angalia ukutani mwa shimo: rangi ya kijivu-buluu yenye madoa ya kutu ni ishara ya maji yanayotuama, mabamba ya manjano na kijivu yanayopishana ni Lequio, ukuta unaomomonyoka kwa mchanga mkononi ni Diano. Hesabu mizizi ya mimea ya zamani na uone ilikoishia.

Kisha jaribu la chupa. Kausha udongo, uchekeche kwa chekecheo la milimita 2, jaza theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji hadi robo tatu na kijiko cha sabuni ya maji, tikisa dakika kumi. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini baada ya saa mbili, na mfinyanzi huchukua siku moja hadi mbili. Kwenye udongo wa chokaa jaribu hili linapotosha: kalisi hushikanisha mfinyanzi ukatua mapema, nawe ukaandika kuwa una tope laini jingi kuliko ulilo nalo. Maji ya juu yakiwa maangavu kabisa baada ya saa mbili tu, usifurahi. Mwaga, ongeza dawa ya kutenganisha chembe, rudia.

Kutifua kwa kina ndiko kunakoharibu zaidi. Zamani ardhi ilipinduliwa kwa kina cha mita moja, marna ghafi ikaletwa juu na udongo wa juu wenye mboji ukazikwa. Mizabibu michanga ikapandwa kwenye tufo lisilo na uhai, na ikawa manjano kwa miaka. Tingatinga za kusawazisha mteremko hufanya uharibifu uleule kwa haraka zaidi. Njia salama ni kupasua chini bila kupindua wakati ardhi imekauka, mwishoni mwa kiangazi, kuuacha udongo wazi upasuliwe na barafu, halafu kupanda majira ya kuchipua. Nafasi ya mita 2.3 kati ya mistari na mita 0.9 kati ya mimea hutoa mimea karibu 4,830 kwa hekta. Kwa kuwa kikomo cha Barolo ni tani 8 za zabibu kwa hekta, kila mmea unadaiwa kilo 1.66 tu. Macho ya chini ya tawi la nebbiolo hayazai vizuri, ndiyo maana tawi la kuzalia huachwa refu, macho 8 hadi 12, badala ya kupogolewa fupi.

Mistari mingi hufuata kontua kuzunguka kilima. Faida yake ni kukatiza mbio za maji. Hasara yake ni trekta kuinama upande mmoja, na kwenye miteremko mikali watu hutumia trekta za minyororo. Usiingie na chombo kizito kwenye marna iliyolowa: magurudumu hukandamiza njia mbili ngumu ambazo mvua inayofuata itazigeuza mifereji.

Majani katikati ya mistari nayo hufuata hesabu ya maji. Kwenye marna yaache hadi Juni au hata Julai yanywe ziada. Kwenye mchanga yakate mapema na uyalaze chini kama matandazo. Wengi hupanda maharage mapana, shayiri na haradali kwenye mstari mmoja na kuruka unaofuata, vuli, kisha huyalaza yanapochanua, na mwaka unaofuata hubadilisha mistari. Mboji ndiyo inayopungua zaidi katika udongo huu, na samadi peke yake haitoshi.

Mteremko unapoondoka

Ule upande wa taratibu unaofuata mlalo wa tabaka unaonekana salama kuliko genge, kumbe ndio unaoteleza. Maji huingia kwenye nyufa, hushuka hadi kwenye bamba la marna lisilopitisha, yakakusanyika kati ya bamba na mchanga ulio juu yake. Msuguano ukiisha, kipande kizima cha kilima huteleza kwa pamoja, mizabibu ikiwa bado imesimama. Mvua kubwa za tarehe 5 na 6 Novemba 1994, zilizofurisha Tanaro na kuua watu sabini hivi Piemonte, zilifungua maporomoko mengi ya aina hii Langhe.

Kinga ni mifereji ya chini ya ardhi: mabomba yenye matundu yaliyozungushiwa changarawe, yakilazwa kina cha mita moja hadi mbili kukata njia ya maji juu ya bamba, na kutolewa hadi kijito, kamwe yasimwagwe katikati ya mteremko wa jirani. Dalili za kutazama kila majira ya kuchipua ni ufa wa umbo la mwezi mchanga juu ya shamba, nguzo zilizoinama upande mmoja, na chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu.

Majina kwenye chupa

Miaka ya 1960 wazalishaji wachache walianza kuandika jina la shamba moja kwenye lebo. Bussia na Rocche za mwaka 1961 zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Miaka ya 1970 mzalishaji Renato Ratti alichora ramani ya mashamba bora ya Barolo, na mwaka 2010 majina 181 yakapata nguvu ya kisheria. Ni kazi kubwa, ila isichukuliwe kuwa ramani ya udongo. Bussia peke yake ina karibu hekta 300, ikipanda na kushuka kwenye migongo kadhaa yenye mchanga hapa na marna pale. Jina hilo kwenye chupa linakueleza kidogo kuliko kujua mkulima yuko kwenye mgongo upi. Cannubi, kilima kimoja chembamba kando ya kijiji cha Barolo, ni mfano wa kinyume: jina lake lina maana, kwa kuwa mahali penyewe ni padogo na mchanga na marna vinakutana hapo kwa uwiano ambao hauishiwi maji wala haufuriki.

Anayetaka kuonja tofauti asinunue chupa za wazalishaji tofauti. Mbao za pipa na siku za kuloweka maganda hufunika udongo kwa urahisi. Tafuta mzalishaji mmoja mwenye shamba La Morra na lingine Serralunga, mwaka mmoja. Kanuni inadai miezi 38 ya kukomaza kabla ya kuuza, 18 kati yake ndani ya pipa, lakini Serralunga katika umri huo bado inakauka mdomoni kama chai iliyochemshwa mno. Iache ifike miaka kumi. Ongeza ya tatu: nebbiolo ya Roero, ng'ambo ya Tanaro, inakoota juu ya mchanga wa bahari wenye umri mdogo zaidi, wa zama za Pliosini zilizofuata Mesinia. Zabibu ileile, rangi hafifu, tanini chache, tayari kunywewa mapema.

Na chini kabisa bondeni, kwenye marna yenye unyevu ambako kanuni imekataza nebbiolo, ndiko wenye mbwa hupita usiku wa Oktoba na Novemba kati ya mipopla na mialoni. Uyoga mweupe wa Alba, tartufo, unataka udongo uleule wa chokaa, laini na usiokauka kiangazi, na kilo yake moja ina bei kubwa kuliko chupa ya mvinyo wa kilima kilicho juu yake.